Wharton, Foulke au Roose: umsimulie kipa yupi wa enzi ya Malkia Victoria?

Swali hili nimeulizwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Wa kwanza ni rafiki yangu mwalimu, alikuwa anaandaa kipindi cha historia ya michezo, akanipigia, "kaka nipe kipa mmoja tu wa zamani kabisa, nina dakika ishirini na darasa limejaa." Wa pili binamu yangu anayetengeneza video fupi za mpira. Wa tatu ni mimi mwenyewe, maana kila Jumamosi nafundisha makipa wadogo na tukimaliza mazoezi, wakati wanakunywa maji, nawapigia stori ya kipa mmoja. Kila mara majina yanayobaki kwenye kinyang'anyiro ni yaleyale matatu, Arthur Wharton, William Foulke na Leigh Richmond Roose, na kila mara nimeishia kumpa mtu jibu tofauti kwa sababu anachokitafuta ni tofauti. Sasa nimeamua niyaweke yote sehemu moja ili mwenye kusitasita ajichagulie.

Malkia Victoria wa Uingereza alifariki Januari 1901, kwa hiyo Wharton ndo wa enzi yenyewe hasa, Foulke kaanza humo akavuka, Roose kaingia mwishoni mwishoni kabisa. Nimemweka Roose kwa sababu yeye ndo aliyeifunga ile namna ya kudaka ya kizamani, utaona huko chini.

Vipimo nilivyotumia

Wote watatu wanapita kwenye vipimo vilevile, hamna wa kubebwa. Kwanza, alifungua njia gani au alibadilisha nini. Pili, udakaji wenyewe, yani ukimsimamisha langoni anafanya nini. Tatu, vikombe na rekodi. Nne, maisha nje ya goli na alivyoishia. Na tano, ambacho watu wengi wanakiruka, ni kiasi gani cha stori yake unaweza kukisimulia bila kudanganya, maana makipa wa zamani wamezungukwa na chumvi nyingi sana.

Lakini kabla ya hapo lazima ulielewe goli la enzi zile, vinginevyo hakuna hata mmoja atakayekuingia. Mpaka 1891 hakukuwa na penalti kwenye sheria, nyavu nazo ndo zilikuwa zinaanza kuonekana, kwa hiyo miaka ya 1880 unaweza kupiga bao likabishaniwa kama mpira umepita ndani au nje ya mlingoti. Kipa alivaa jezi sawa na wenzake, rangi tofauti ikaja kuwa sheria 1909. Na mpaka 1892 straika alikuwa na ruhusa ya kumpiga kipa kikumbo hata kama kipa hana mpira, we fikiria kona inapigwa, unauangalia mpira juu na majitu mawili yanakujia wewe, sio mpira. Upande mwingine kipa naye alikuwa na uhuru ambao leo hana, aliruhusiwa kuushika mpira kwa mkono popote kwenye nusu yake ya uwanja. Hii sheria iweke kichwani.

Njia aliyofungua

Wharton alizaliwa Oktoba 1865 Jamestown, Accra, Gold Coast wakati huo, Ghana ya leo. Baba yake alikuwa mchungaji wa Methodisti mwenye asili ya Grenada na Scotland, mama yake mwenye damu ya ukoo wa kifalme wa Wafante. Alipelekwa England miaka ya mwanzo ya 1880 asome, lengo aje kuwa mmisionari na mwalimu, akaingia chuo cha Cleveland kule Darlington. Huko ndo michezo ikamchukua jumla. Akaanza kudaka Darlington kama mchezaji wa ridhaa, Preston North End wakamuona wakamchukua 1886, na aliposaini Rotherham Town 1889 akawa analipwa. Ndo maana anatajwa kuwa mchezaji mweusi wa kwanza wa kulipwa. Hapo kuwa makini na maneno, usiseme mweusi wa kwanza kucheza soka Uingereza, kabla yake kuna Andrew Watson aliyekuwa kepteni wa Scotland walipoipiga England 6-1 London mwaka 1881, ila Watson alikuwa beki na alijulikana kama mchezaji wa ridhaa. Halafu 1894 Wharton akaenda Sheffield United, na alipopangwa dhidi ya Sunderland 1895 akawa mweusi wa kwanza kucheza daraja la kwanza la ligi ya England.

Foulke njia yake ni ya aina nyingine. Huyu hakuvunja mlango wowote wa sheria wala wa rangi, alichofanya ni kuonyesha kwamba watu wanaweza kulipa kiingilio kwenda kumuangalia kipa. Alizaliwa 1874 Dawley, Shropshire, akakulia Blackwell kule Derbyshire kwenye machimbo ya makaa ya mawe na kudakia timu ya mgodi, Sheffield United wakamtoa huko 1894. Mrefu kupita futi 6, mwili ukawa unaongezeka kila msimu mpaka miaka ya mwisho alivuka kilo 120. Chelsea ilipoanzishwa 1905 yeye ndo alikuwa kipa na kepteni wa kwanza, walimnunua pauni 50.

Roose yeye kabadilisha kitabu cha sheria. Mwelshi wa Holt karibu na Wrexham, kazaliwa 1877. Ile sheria ya kushika mpira popote kwenye nusu yako, makipa wengi walikuwa nayo hawaitumii sana, wanaogopa kulikimbia goli. Roose akaifanya silaha, anadaka, anaanza kuudundadunda mpira huku anakimbia nao mpaka karibu na mstari wa kati, afu ndo anaurusha au anapiga mbele kwa washambuliaji. Timu pinzani zikalalamika na 1912 ikaamuliwa kipa ashike kwa mkono ndani ya boksi tu. Kila ukimuona kipa wa leo anasimama ghafla kwenye mstari wa boksi na mpira mkononi, hapo kuna alama ya Roose.

Langoni

Wharton alikuwa na vitu viwili, ngumi na kasi. Ngumi zake za kupangulia mpira zilisifiwa sana, na kwa sheria za vikumbo za wakati ule kupiga ngumi ilikuwa salama kuliko kudaka, ukikumbatia mpira wanakuingiza wewe na mpira wako ndani. Halafu alikuwa na tabia ya kuchuchumaa pembeni mwa goli karibu na mlingoti kama vile hayupo mchezoni, shuti likipigwa anafyatuka. Kwa mtu wa kawaida ni ujinga. Kwa mtu aliyekuwa anakimbia alivyokuwa anakimbia yeye, ni mtego kabisa, unamshawishi straika apige pale palipo wazi.

Na kuna ile stori yake maarufu, kwamba aliwahi kuruka akashika mwamba wa juu, akaning'inia, akaubana mpira katikati ya miguu, na washambuliaji waliokuwa wanakuja kwa kasi wakapitiliza wakaangukia golini. Mtu aliyesema aliishuhudia aliiandika gazetini miaka mingi sana baadaye, Wharton keshakufa. Mimi naisimulia, ila sasa nina sharti. Siku ya kwanza nilipowapa vijana wangu stori hii, dogo mmoja wa miaka 10 alinyanyuka na chupa yake ya maji bado mkononi, akaenda kwenye goli letu la bomba akaruka akaning'inia, na lile goli halijachimbiwa chini, likainama mbele. Nililidaka mimi kwa bega. Alishuka ananiangalia, "Kocha, kumbe linatembea?" Nilitetemeka mpaka nafika nyumbani. Toka siku ile, kabla ya kusema neno Wharton nakagua goli limefungwa vipi, na wewe unayesimulia watoto fanya hivyohivyo tafadhali, goli lisilofungwa likimuangukia mtoto linaua.

Foulke langoni ni ukuta wenye mikono mirefu. Vikumbo vilivyowaumiza wenzake yeye vilikuwa vinarudi kwa aliyevipiga. Alipiga ngumi mpira ukafika mbali, akipiga teke ndo kabisa, na ukiangalia umri wake wa ujana alikuwa mwepesi kuliko picha zake za mwishoni zinavyokudanganya. Hasira ndo ilikuwa tatizo. Kuna mechi na Liverpool alimbeba straika George Allan akamgeuza kichwa chini miguu juu, ikatoka penalti. Kipa wa hivyo anakushindia mechi na anaweza kukuuza siku hiyohiyo.

Roose ndo wa kisasa kuliko wote. Alitoka golini mapema, alikaa mbele sana, alianzisha mashambulizi, na aliongea na mashabiki mchezo ukiendelea. Ukimfundisha kipa wa leo kuwa mchezaji wa kumi na moja, mfano wako uko hapa miaka zaidi ya mia iliyopita.

Vikombe na rekodi

Hapa kusema kweli Foulke anawaacha mbali. Na Sheffield United kachukua ubingwa wa ligi msimu wa 1897/98, Kombe la FA 1899 na tena 1902, na 1901 akafika fainali wakafungwa na Tottenham kwenye marudiano. Timu ya taifa alicheza mara moja tu, Machi 1897 dhidi ya Wales hapohapo Bramall Lane, uwanja wa Sheffield United, England ikashinda 4-0. Na 1900 akacheza kriketi mechi nne za daraja la juu kwa Derbyshire, kwa mwili ule.

Roose ana mechi 24 za Wales, alikuwemo kwenye kikosi kilichochukua ubingwa wa mataifa ya Uingereza 1907, na kabla ya hapo alibeba Kombe la Wales na Aberystwyth mwaka 1900. Klabu kapita nyingi, Stoke, Everton, Sunderland, mwishoni mpaka Arsenal, ila ubingwa wa ligi hakuupata.

Wharton kabatini kwa upande wa soka hamna kombe kubwa, na hii ndo sehemu inayoniuma kila nikiisimulia. Na Preston alifika nusu fainali ya Kombe la FA 1887 wakatolewa na West Bromwich Albion. Mwaka 1888 akaondoka kwenda kushughulika na mbio, na msimu uliofuata, msimu wa kwanza kabisa wa ligi, Preston walicheza mechi 22 bila kufungwa wakachukua ligi na kombe vyote viwili. Yeye hayupo. Kule Sheffield United kilichomkuta kina jina, Foulke. Kijana wa miaka 20 kafika msimu uleule, Wharton anakaribia 30, na mechi alizopewa daraja la kwanza unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Yani hawa wawili ninaowalinganisha hapa waligombea jezi moja chumba kimoja cha kubadilishia nguo, na kijana alishinda. Wharton akarudi timu ndogo, Rotherham tena, Stalybridge Rovers, Ashton North End, mpaka akastaafu na Stockport County 1902.

Ila rekodi anayo, na ni kubwa. Julai 1886 kwenye mashindano ya riadha ya taifa ya England, uwanja wa Stamford Bridge, alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10 kamili, kabla yake hakuna aliyewahi kufanya hivyo kwenye mashindano yale. Mtu wa Accra, mwenye miaka 20, mkimbiaji wa kasi kuliko wote England. Na Stamford Bridge hiyo ndo ileile ambayo miaka 19 baadaye Foulke aliingia kama kepteni wa Chelsea.

Nje ya goli na mwisho wao

Foulke alitoka mgodini akaenda langoni, Wharton alitoka langoni akaishia mgodini. Baada ya mpira, na baada ya kujaribu kuendesha baa Rotherham, alifanya kazi ya kuvuta makaa kwenye mgodi wa Yorkshire Main pale Edlington karibu na Doncaster. Akafariki Desemba 1930, akazikwa kwenye kaburi la maskini lisilo na jiwe wala jina. Mtu aliyekuwa mwenye kasi kuliko wote nchi nzima. Kaburi likakaa hivyo mpaka 1997, watu wa kampeni ya kupinga ubaguzi kwenye mpira kutoka Sheffield wakachangisha likawekwa jiwe. 2003 akaingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa magwiji wa soka la England, na 2014 sanamu yake ya shaba, anaruka kupangua mpira kwa vidole, ikasimamishwa St George's Park ambapo timu za taifa za England zinafanyia mazoezi. Kila kipa wa England anayeitwa siku hizi anapita mbele yake.

Foulke baada ya Chelsea alipita Bradford City akastaafu 1907, akafariki Sheffield Mei 1916 akiwa na miaka 42.

Roose alikuwa mtoto wa mchungaji kama Wharton, ila hawa walitazama hela kwa namna mbili tofauti kabisa. Roose alibaki mchezaji wa ridhaa maisha yake yote, msomi wa mambo ya bakteria, bwana wa suti nzuri, na klabu zikawa zinamlipia "gharama" ambazo ziliwakera wachezaji wa mishahara. Vita Kuu ya Kwanza ikaja akaingia jeshini, akapewa nishani ya ujasiri, akauawa Somme, Ufaransa, 7 Oktoba 1916. Mwili haukupatikana. Jina lake likaandikwa Rouse badala ya Roose, na likachongwa hivyo kwenye mnara wa kumbukumbu wa Thiepval kulekule Ufaransa, kwa miaka mingi ndugu waliolitafuta wakawa hawalioni.

Stori unayoweza kuisimamia

Kwa Foulke ndo kuna kazi ya kuchuja. Fainali ya 1902 na Southampton iliisha 1-1 kwa bao la dakika za mwisho ambalo United walilikataa kabisa, na imesimuliwa kwamba Foulke alitoka bafuni uchi kumtafuta refa Tom Kirkham, refa akajifungia kwenye kikabati cha mafagio. Hiyo ina mizizi, isimulie. Marudiano United wakashinda 2-1. Ila ile ya kwamba alifia Blackpool kwa nimonia baada ya kudaka penalti za watalii ufukweni kwa senti, achana nayo, alifia Sheffield na nimonia haikuandikwa kama sababu ya kifo. Ya watoto waokota mipira kwamba ilianza Chelsea ili yeye aonekane mkubwa zaidi, sema "inasemekana" na uishie hapo. Faida yake kubwa ni kwamba ameonekana kwenye filamu, picha za watengeneza filamu Mitchell na Kenyon za mwanzo wa karne ya 20 zinamuonyesha akiingia uwanjani. Wharton hana picha inayotembea, ana picha za studio amevaa nguo za mbio na kombe pembeni, na ana tarehe, muda na majedwali, mambo ambayo hayabishaniwi. Roose naye ameandikwa sana magazetini, visa vyake vingi ni vya kweli vilivyoongezwa chumvi kidogo.

Sasa uchague yupi

Kama una darasa na unataka watoto waelewe historia ya Waafrika kwenye mpira wa Ulaya, chukua Wharton, na usiishie kwenye sanamu, waambie na mgodi. Rafiki yangu mwalimu nilimpa huyu, alichora ramani ubaoni kutoka Accra mpaka Darlington, kipindi kikaisha mikono bado iko juu.

Kama unafundisha makipa na unataka wajifunze kitu cha kutumia Jumamosi ijayo, Roose anakufaa zaidi, kutoka golini, kusoma mchezo, kuanzisha shambulizi. Wharton mtumie kwa kipa mfupi mwenye kasi anayeambiwa hana umbo. Foulke mtumie kwa yule mnene anayechekwa na wenzake, ila mpe na ile kadhia ya George Allan ajue hasira inagharimu nini.

Kama unatengeneza video na una dakika moja, Foulke, kwa sababu picha zinazotembea zipo na kisa cha refa kinajibeba chenyewe. Ukiwa na dakika kumi rudi kwa Wharton, au wachukue wote wawili na msimu wa 1894/95 pale Bramall Lane, makipa wawili jezi moja, maana hiyo naona watu wengi hawaijui.

Kama ni kijana unaandika insha ya chuo na msimamizi wako anataka vyanzo, usianze na Foulke, utamaliza muhula unachambua kipi cha kweli. Kwa upande wa sheria za mchezo Roose na ile 1912 inatosha mada nzima, kwa upande wa kazi na malipo mpange Wharton na Roose, mmoja alilipwa akaishia kuvuta makaa, mwingine eti halipwi akaishi kama bwana.

Na kama unataka tu kipa wa kumshabikia, asiye wa timu yako wala ya jirani, mimi moyo wangu uko kwa Wharton tangu siku niliposoma habari ya lile kaburi, ila dogo wangu wa lile goli la bomba keshachagua, anadaka na kuudunda mpira mpaka kwenye mstari wa boksi, anasimama, ananigeukia, "Kocha, Roose angepita eeh?"